Magurudumu ya baiskeli: Tundu 36 zinavyookoa mtaji wa muuza vipuri

MFANYABIASHARA wa vipuri vya baiskeli anayenunua habu zenye tundu 40 na ringi zenye tundu 36 amezifungia fedha zake stoo. Vitu hivyo viwili haviwezi kukutana katika gurudumu moja, hata fundi awe hodari kiasi gani. Kila tundu la habu linadai spoki yake, na kila spoki inadai tundu lake kwenye ringi. Hesabu isipolingana, hakuna gurudumu.

Kosa hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linalowaumiza wenye maduka madogo. Ringi zinakaa juu ya dari, habu zinashika kutu ndani ya boksi, na mteja aliyekuja na fedha mkononi anakwenda duka la jirani. Kwa mwenye mtaji mdogo, swali la kuchagua habu na idadi ya spoki ni la ufundi na ni la biashara pia. Anayelijibu vizuri anauza gurudumu zima lililosukwa, lenye faida ya vipuri na ya ufundi pamoja. Anayelijibu vibaya anabaki kuuza njiti moja moja.

HALI YA SOKO

Soko la magurudumu ya kusuka Afrika Mashariki lina wateja wa aina tatu, na kila mmoja ana mahitaji yake.

Wa kwanza ni mbeba mizigo na abiria. Huyu ndiye mwenye baiskeli nzito ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28, ambayo Wakenya wameipa jina la "black mamba". Ndiyo iliyoanzisha biashara ya boda boda katika mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya abiria, lakini mkaa, maziwa, ndizi, maji na magunia ya nafaka bado vinasafiri kwa baiskeli katika wilaya nyingi. Mteja huyu ananunua gurudumu la nyuma mara nyingi kuliko la mbele, na ananunua kwa sababu asipopanda leo hali leo.

Wa pili ni mwenye baiskeli ya gia ya inchi 26, nyingi zikiwa mitumba au za bei nafuu kutoka China na India. Anaitumia kwenda kazini, shuleni au sokoni. Tatizo lake kubwa ni ekseli ya nyuma kupinda na spoki za upande wa gia kukatika.

Wa tatu ni mwanamichezo. Idadi yake ni ndogo, lakini anajua anachotaka na yuko tayari kukilipia. Mashindano ya Tour du Rwanda, mbio za barabara za changarawe zilizoanza Maasai Mara nchini Kenya mwaka 2021, na mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika barani Afrika, yameongeza hamu ya vijana kwa baiskeli nzuri. Mteja huyu ndiye anayekuja dukani na karatasi aliyoandika habu anayoitaka na idadi ya spoki.

Bidhaa zenyewe zinatoka hasa India, ambako mji wa Ludhiana ndio kitovu cha viwanda vya baiskeli na vipuri, na China. Anayetegemea nembo moja tu anajiweka hatarini. Kampuni ya Atlas ya India, iliyokuwa na jina kubwa tangu miaka ya 1950, ilisimamisha kazi katika kiwanda chake cha Sahibabad Juni 2020. Nembo inaweza kupotea sokoni, lakini tundu 36 za kiwanda kimoja zitaingia kwenye ringi ya tundu 36 ya kiwanda kingine. Hapo ndipo usalama wa mtaji ulipo.

HESABU YA 72

Baiskeli za Kiingereza, zikiwamo Raleigh za Nottingham zilizotapakaa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni na baada yake, zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Sababu yake ni nzuri: gurudumu la nyuma linabeba uzito mkubwa zaidi, kwa hiyo lipewe spoki nyingi zaidi. Nchi nyingine zilichagua 36 mbele na 36 nyuma. Ukijumlisha, hesabu ni ile ile: spoki 72 kwa baiskeli.

Kwa mwenye kiwanda hakuna tofauti kubwa. Kwa mwenye duka tofauti ni kubwa mno.

Tuseme duka limenunua ringi 10 za tundu 32 na ringi 10 za tundu 40. Kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoharibika sana, baada ya muda duka limeuza saba za nyuma na mbili tu za mbele. Zimebaki ringi nane za mbele na tatu za nyuma. Wakija wateja wanne wa gurudumu la nyuma, wa nne anaondoka mikono mitupu wakati ringi nane zimening'inia ukutani.

Duka la pili limenunua ringi 20 za tundu 36. Nalo limeuza tisa. Zimebaki 11, na kila moja inaweza kwenda mbele au nyuma kadiri mteja anavyotaka. Fedha zilizotumika ni karibu sawa, lakini duka la pili halikumpoteza mteja hata mmoja.

Spoki nazo zina hesabu yake. Katika biashara ya jumla huhesabiwa kwa grosi, yaani 144. Grosi moja inatoa magurudumu manne kamili ya spoki 36, bila kubaki hata moja. Kwa gurudumu la 40 inatoa matatu na kubakisha spoki 24. Kwa gurudumu la 32 inatoa manne na kubakisha 16. Kwa gurudumu la 28 inatoa matano na kubakisha nne. Mabaki si hasara moja kwa moja, kwani yatauzwa kwa rejareja, lakini ni fedha inayozunguka polepole.

KWA NINI SPOKI HUKATIKA

Wateja wengi huamini kuwa spoki hukatika kwa sababu ya uzito. Ukweli ni kwamba spoki ya chuma ina nguvu kubwa sana ya kuvutwa, na ni nadra mzigo wa mara moja kuikata. Kinachoimaliza ni kukazwa na kulegezwa mara nyingi mno.

Gurudumu lililosukwa vizuri lina spoki zilizovutwa zote kwa mkazo mmoja. Mzigo ukikaa juu yake, spoki chache zilizo chini, karibu na ardhi, hulegea kidogo. Gurudumu likizunguka, spoki hizo hupanda juu na kurudisha mkazo wake, na nyingine hufika chini na kulegea. Kila mzunguko ni zamu moja kwa kila spoki.

Gurudumu la inchi 28 huzunguka takriban mara 450 katika kilomita moja. Mbeba abiria anayekwenda kilomita 40 kwa siku huzipa spoki zake zamu 18,000. Kwa siku 25 za kazi katika mwezi, zamu zinafika 450,000. Chuma chochote kinachopindwa na kunyooshwa mara nyingi hivyo hutafuta mahali dhaifu pa kukatikia, na kwa spoki mahali hapo ni shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye habu.

Mambo mawili yanafuata kutokana na ukweli huo. Kwanza, spoki zikiwa nyingi, kila moja inabeba sehemu ndogo ya mabadiliko hayo na inaishi zaidi. Pili, spoki iliyolegea hufa mapema kuliko iliyokazwa. Mafundi wengi wanaogopa kukaza wakidhani watakata njiti, kumbe kulegeza ndiko kunakozikata. Mwenye duka anayelipa fundi kwa kasi tu, bila kujali mkazo, anajinunulia malalamiko.

HABU KWANZA

Anayepanga gurudumu huanzia kwenye habu, kwa sababu habu ndiyo ghali na ndiyo inayodumu. Ringi itapinda, spoki zitachakaa, lakini habu nzuri inaweza kusukwa upya mara kadhaa. Mambo ya kuangalia ni matano.

La kwanza ni upana. Habu inapaswa kulingana na nafasi iliyopo kati ya miguu ya fremu. Habu nyingi za mbele za baiskeli za kisasa za breki za ringi ni milimita 100. Za nyuma zinatofautiana: baiskeli nyingi za gia moja ni takriban milimita 110 hadi 120, za mbio za breki za ringi ni 130, na za milimani za miaka mingi ni 135. Baiskeli mpya za breki za diski zinaweza kuwa 142 au 148, na ekseli yake ni nene ya kupenyeza. Rula ya shilingi chache inaokoa habu ya bei kubwa.

La pili ni mahali goroli zilipo. Katika habu za zamani za gia, friwili, yaani gia ya nyuma inayozunguka bure mtu asipokanyaga, husokotwa juu ya habu. Goroli za upande wa kulia hubaki ndani, mbali na mguu wa fremu, na kipande kirefu cha ekseli hubaki bila egemeo. Kwa gia sita au saba na gunia kwenye keria, ekseli hiyo hupinda na hatimaye hukatika. Habu za kaseti, ambazo Shimano iliziingiza sokoni mwaka 1978, zilisogeza goroli hadi karibu na ukingo wa nje na kupunguza ugonjwa huo. Kwa mteja mzito mwenye baiskeli ya gia nyingi, habu ya kaseti ni nafuu hata kama bei yake ya mwanzo ni kubwa. Kwa baiskeli ya gia moja tatizo hilo halipo, na habu ya kawaida inatosha.

La tatu ni aina ya beringi. Habu za goroli huru, koni na bakuli zinaweza kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa grisi mahali popote. Goroli za robo inchi za nyuma na za sehemu tatu za kumi na sita za inchi za mbele zinapatikana hadi minadani. Habu za beringi zilizofungwa hazihitaji matunzo ya mara kwa mara, na nyingi hutumia beringi za namba za kawaida za viwandani zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri vya mashine. Kabla ya kununua habu hizo kwa wingi, mfanyabiashara asome namba iliyoandikwa kwenye beringi na ahakikishe inapatikana mjini kwake. Isipopatikana, habu hiyo ni ya kutumika mara moja tu.

La nne ni sahani za habu, yale mabamba mawili yenye matundu. Sahani nyembamba ya chuma huiacha shingo ya spoki ikicheza. Mafundi wazoefu hutia washa ndogo chini ya kichwa cha spoki ili ikae imara. Sahani za alumini huwa nene na huishika shingo vizuri, ilimradi alumini yenyewe isiwe hafifu. Sahani zilizo mbalimbali kutoka moja hadi nyingine huzuia gurudumu kuyumba upande, na hilo ni muhimu kuliko ukubwa wa sahani unaovutia macho.

La tano ni breki. Habu yenye breki ndani yake, iwe ile ya kukanyaga nyuma, ya ngoma au ya diski, hulisimamisha gurudumu kwa kupitishia nguvu yote kwenye spoki. Gurudumu hilo lazima lisukwe kwa kupishanisha spoki. Spoki za kunyooka moja kwa moja kutoka habu hadi ringi, ambazo baadhi ya wateja huzipenda kwa sura, hazifai kabisa kwa habu ya namna hiyo.

SPOKI NGAPI KWA NANI

Mbeba abiria anafaa kupigiwa hesabu kamili. Tuchukue mwendeshaji wa kilo 65, abiria wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 20. Abiria amekaa juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kilo zake zote 70 ziko nyuma. Kwa mwendeshaji, takriban asilimia 60 ya uzito, yaani kilo 39, ziko nyuma pia. Ukiongeza kilo 11 hivi za baiskeli yenyewe, gurudumu la nyuma linabeba kilo 120, wakati la mbele linabeba kilo 35 tu.

Kwa mzigo huo, spoki 40 nyuma ni bora kuliko 36 za unene ule ule. Lakini kuna njia ya kupata nguvu bila kugawa stoo. Spoki ya geji 14 ina unene wa milimita 2.0, na ya geji 13 ina milimita 2.3. Tofauti inaonekana ndogo, lakini chuma kilichomo kwenye geji 13 kinazidi kwa karibu theluthi moja. Spoki 36 za geji 13 zina chuma kingi kuliko spoki 40 za geji 14. Basi duka linaweza kuuza tundu 36 mbele na nyuma, likitia geji 14 mbele na geji 13 nyuma. Sharti lake ni kwamba matundu ya habu yaipokee spoki nene, nipeli ziwe za geji hiyo hiyo, na ringi iwe imara, kwani ringi hafifu itapasuka kwenye matundu kabla spoki hazijachoka.

Tundu 40 zisifutwe kabisa. Wako wateja wenye habu za zamani nzuri za 40 ambazo bado zina miaka mingi ya kazi. Ringi chache za kuwahudumia zinatosha, na ziagizwe kadiri zinavyotoka.

Kwa baiskeli ya mjini ya inchi 26, isiyobeba zaidi ya mtu mmoja na mfuko wa soko, 36 ndiyo salama na 32 inatosha ikiwa ringi ni ya alumini yenye kuta mbili. Ringi hizo zina nguvu zaidi ya zile za ukuta mmoja kwa uzito usiotofautiana sana.

Kwa mwanamichezo, 32 ndiyo idadi ya kuanzia, hasa kwa breki za diski na barabara za changarawe. Mwepesi anayekwenda kwenye lami anaweza kushuka hadi 28. Anayesisitiza kushuka zaidi kwa ajili ya uzito aonyeshwe hesabu: spoki moja ya chuma cha pua ya milimita 2.0 na urefu wa milimita 290 ina takriban gramu 7, na nipeli ya shaba gramu moja. Kuongeza spoki nne, kutoka 28 hadi 32, ni gramu 33 hivi. Hiyo ni chini ya maji ya vijiko vitatu vikubwa. Kwa gramu hizo anapata gurudumu ambalo spoki moja ikikatika porini bado litazunguka ndani ya fremu na kumfikisha nyumbani.

Hatari nyingine ni magurudumu ya kiwandani yenye spoki 16, 20 au 24 yanayokuja na baiskeli za mitumba za bei kubwa. Mengi yana spoki za umbo maalumu na nipeli zisizo za kawaida. Spoki moja ikikatika, ringi hupiga nane papo hapo na kugusa fremu. Mfanyabiashara asiyatie kwenye stoo kama bidhaa ya kawaida. Akiyapata, ayauze haraka yakiwa mazima.

MILIMITA TATU ZENYE GHARAMA

Baada ya habu na idadi, kinachofuata ni urefu wa spoki, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Urefu unategemea ringi, ukubwa wa sahani za habu, idadi ya spoki na msuko. Msuko wa tatu maana yake kila spoki inapishana na spoki tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Msuko wa nne inapishana na nne.

Chukua ringi moja ya baiskeli ya mbio ambayo kipenyo chake cha kukalia nipeli ni milimita 600, na habu yenye duara la matundu la milimita 45, sahani zake zikiwa milimita 35 kutoka katikati. Urefu unakuwa hivi:

Spoki 32, msuko wa tatu: milimita 293.
Spoki 36, msuko wa tatu: milimita 290.
Spoki 40, msuko wa tatu: milimita 288.
Spoki 40, msuko wa nne: milimita 295.
Spoki 36, msuko wa nne: milimita 298.

Ringi ni ile ile na vipimo vya habu ni vile vile, lakini kubadili idadi na msuko kumehamisha urefu kwa hadi milimita 10. Spoki fupi kwa milimita tatu haishiki nyuzi za nipeli za kutosha na itachomoka. Iliyozidi kwa milimita tatu itatokeza na kutoboa tyubu, au nyuzi zake zitaisha kabla ya mkazo kukamilika. Kwa hiyo grosi ya spoki isinunuliwe kabla ya habu na ringi kuwa mezani na kupimwa.

Katika baiskeli za gia nyingi, sahani ya kulia ya habu ya nyuma iko karibu zaidi na katikati ili kuzipisha gia. Spoki za kulia huwa fupi kidogo na hukazwa zaidi. Za kushoto hubaki na mkazo mdogo, na ndizo zinazojifungua zenyewe. Fundi apewe urefu wa aina mbili kwa gurudumu hilo. Duka linalompa urefu mmoja kwa pande zote linamlazimisha afanye kazi mbovu.

Kipimo cha ringi nacho kina mtego. Neno "inchi 28" linaweza kumaanisha ringi ya milimita 635 ya baiskeli ya mizigo, au ya 622 ya baiskeli ya mbio. "Inchi 26" inaweza kuwa 559 ya baiskeli ya milimani, au 590 ya baiskeli ya zamani ya mjini. Tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Namba ya milimita huandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 54-559 au 40-635, na hiyo ndiyo ya kuandikia oda.

CHUMA, CHUMVI NA MKONO WA FUNDI

Katika miji ya pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Zanzibar, Dar es Salaam na Mtwara, hewa ya chumvi hula spoki za zinki na kuzigandisha nipeli. Gurudumu lisiloweza kukazwa ni gurudumu lililokufa. Spoki za chuma cha pua na nipeli za shaba zina bei zaidi, lakini pwani zinajilipa. Kwa bara kwenye ukavu, spoki za zinki bado ni biashara nzuri kwa mteja wa kipato cha chini.

Kwa wanamichezo kuna spoki zilizopunguzwa unene katikati, zikiwa milimita 2.0 miishoni na 1.8 katikati. Wengi hudhani ni dhaifu. Kwa kweli hunyumbulika zaidi katikati na kuipunguzia shingo mateso, kwa hiyo hudumu.

Yote hayo hayana maana bila fundi. Gurudumu likishasukwa, fundi azibane spoki mbili mbili kwa mikono kuzunguka gurudumu zima ili zikae mahali pake, kisha akaze tena. Azipige kwa kidole asikilize: za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Akisuka habu iliyokwisha kutumika, afuate alama zilizoachwa na spoki za mwanzo kwenye sahani, kwani kuzigeuza kunaweza kuipasua sahani. Spoki zikiwa zimeanza kukatika moja baada ya nyingine, zilizobaki nazo zimechoka, na ni nafuu kubadili zote.

MPANGO WA MWENYE MTAJI MDOGO

Anayeanza biashara hii anaweza kujipangia hivi. Achague idadi moja kuu, ambayo kwa soko la mizigo na mjini ni 36. Anunue habu za nyuma nyingi kuliko za mbele, kwa kuwa ndizo zinazokwisha. Ringi ziwe za vipimo viwili tu, 635 na 559, zote za tundu 36. Apime, ndipo anunue spoki, akikumbuka kuwa kila grosi ni magurudumu manne ya aina moja. Ringi na habu za 32 kwa wanamichezo ziagizwe kwa oda na kwa malipo ya awali.

Kila gurudumu linalotoka liandikwe kwenye daftari: habu, ringi, idadi, urefu wa spoki, msuko, jina la fundi na tarehe. Mteja aambiwe alirudishe baada ya wiki moja likaguliwe na kukazwa bure. Dakika kumi za fundi ni gharama ndogo kuliko gurudumu linalorudi likiwa limepiga nane mbele ya wateja wengine. Baada ya miezi sita daftari hilo litaonyesha ni habu ipi inayorudi, ni fundi yupi ambaye kazi yake hairudi, na ni ringi zipi zisizotoka.

Bei nayo itokane na daftari. Gharama ya habu, ringi, spoki, nipeli na ufundi zijumlishwe, kisha iongezwe sehemu kwa ajili ya yale yatakayorudi. Anayeuza kwa kulinganisha na bei ya jirani bila kujua gharama yake mwenyewe atauza mengi mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu atakosa fedha ya kununua grosi nyingine.